Boti ya mikuku miwili haitaki gadi, inataka mengine

Kwetu Nungwi, Zanzibar, chombo kikipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, kazi ya kwanza ni gadi. Maji yakianza kupwa watu wanakimbilia magogo na kuegemeza mbavu huku na huku, maana jahazi lina mkuku mmoja, ule uti wa chini ya chombo, na bila gadi litalala ubavu. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kushika gogo lisiteleze huku ami akiligongea kabari, na nimekula makofi zaidi ya mara moja kwa kuliachia mapema. Basi siku nilipoona huku Essex, Uingereza, boti ya matanga imekaa wima peke yake juu ya tope, hakuna gogo, hakuna kamba, hakuna mtu, nilisimama nikaitazama kama niliyeona mbuzi anatembea kwa miguu miwili.

Sasa nina misimu minne na boti ya namna hiyo. Nimepwelewa nayo kwa kujitakia na kwa kutojitakia, nimetoa pesa ambazo mama watoto mpaka leo anazitaja tukigombana, na wenzetu wawili watatu walioko huku wameanza kunipigia kuuliza kama nao wanunue. Badala ya kurudia simu ile ile, naandika.

Kwanza tuelewane. Boti hizi zina mikuku miwili, mmoja kila upande wa tumbo, imetanuka kidogo kwa nje kama miguu ya mtu aliyesimama ndani ya mashua siku ya mawimbi. Waingereza wamezizoea sana, na sababu utaiona ukitembea kando ya mto Blackwater kutoka Maldon kwenda Mersea. Maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita 4 hadi 5, na yakishuka, sehemu kubwa ya mto inabaki tope na kijito katikati. Majahazi ya zamani ya mto Thames, ambayo mpaka leo utayakuta yamefungwa gatini Maldon, yaliimaliza shida hiyo kwa kuwa na tumbo bapa. Mikuku miwili ni dawa ya baadaye. Lord Riverdale aliijaribu kwenye boti zake za Bluebird tangu miaka ya 1920, mchora boti Denys Rayner akaifikisha kwa watu wa kawaida na Westerly 22 mwaka 1963, na kuanzia 1969 ikaja Westerly Centaur, ya futi 26, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 2,000. Mito ya huku bado imejaa Centaur.

Yangu si Centaur. Ni ya urefu huo huo, ya faiba, ya miaka ya 1970, na aina yake sitaitaja kwa sababu nitaisema vibaya huko mbele na sidhani kosa ni la aliyeichora.

Tuliinunua wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Mombasa aliyekaa Colchester miaka mingi kuliko mimi. Yeye alikuwa amesafiri na boti za watu, zile zenye mkuku mmoja mrefu katikati. Mimi nilikuwa na mashua za utotoni tu, na kazi yangu ya kutengeneza majokofu. Bei ilikuwa pauni 3,400. Tuliikuta yadini imesimama kwa miguu yake, chini imepakwa rangi mpya nyekundu inang'aa.

"Shem, kwa bei hii hata gari la maana hupati," akaniambia.

Lakini kilichotumaliza si bei, ni hesabu ya maegesho. Marina ya karibu, ambayo maji hayakauki, ilitaka pauni 3,100 kwa mwaka. Boya la topeni, ambapo boti inaelea saa chache kila maji yakijaa na kukaa chini muda uliobaki, pauni 640. Majira ya baridi pia yadi ilitutoza nafuu, kwa kuwa hakuna kazi ya magadi: inashushwa, inasimama, basi. Kwa watu wa mshahara, hizo pauni 2,400 na zaidi kwa mwaka ndizo zinazoamua kama utakuwa na boti au utakuwa na picha ya boti. Faida nyingine zote za mikuku miwili nazipanga nyuma ya hiyo.

Kosa la kwanza tulilifanya hapo hapo. Mkaguzi alitaka pauni 450. Tukaona hiyo ni zaidi ya moja ya kumi ya bei ya boti yenyewe, na kampuni ya bima ilikuwa tayari kutukatia bima ndogo ya kufidia wengine bila ripoti yoyote. Nikaingia chini ya boti, nikaugonga mkuku kwa kifundo cha kidole kama mnunuzi wa tikiti maji, nikatoka nikasema: mzima huu.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Upepo ukiwa nyuma au ubavuni boti inakwenda kwa utulivu, haipigi mrama kama nilivyozoea. Mahali popote penye kijito tunaingia, maana inataka chini ya mita moja ya maji. Tumelala mahali ambapo wenye boti ndefu chini wanapaona kwenye ramani tu.

Shida huanza pale unapobisha, yaani unapokwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku. Wajenzi wana hoja nzuri: boti ikiinama, mkuku wa upande wa demani, kule upepo unakokwenda, unasimama wima na kushika maji, na mingi imeelekezwa ndani kidogo upande wa omo, yaani mbele, kama miguu ya njiwa, ili ule wa demani uisukume boti kwenda joshini, kule upepo unakotoka. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye boti ya karibu miaka 50 yenye mikuku mifupi na matanga yaliyolegea, tulikuwa tunakwenda nyuzi 50 na ushei kutoka kwenye upepo, na bado tunateleza pembeni. Siku moja tulitoka Bradwell kurudi kwetu dhidi ya upepo wa magharibi pamoja na jirani mwenye mkuku mmoja. Yeye alipiga bisha sita, sisi kumi na moja, na tulipofika alikuwa ameshakunja matanga anakunywa chai. Ilituchukua miezi miwili kugundua kwamba tulikuwa tunaibana mno. Boti hii ukiilazimisha kuutazama upepo inapunguza mwendo, na ikipunguza mwendo ndipo inapoteleza. Ilegezee demani, iache ipate kasi, itashika maji yenyewe.

Na makelele yake je? Mkuku wa joshini ukikaribia uso wa maji, mawimbi yanaupiga kofi kwa chini. Paa! Kimya. Paa! Mke wangu safari ya kwanza alidhani tunapasuka, na nilimcheka. Nisingemcheka kama ningejua.

Nisiwaonee, lakini: mikuku miwili ya kisasa ni habari nyingine. Wafaransa wa La Rochelle waliotengeneza boti za RM waliweka mikuku mirefu myembamba inayobisha vizuri. Bei zake ndizo za watu wengine. Na ukienda kununua boti ya zamani usichanganye mambo: zipo zenye mkuku mkubwa katikati na mapezi mawili membamba pembeni. Hizo pia husimama topeni, ila uzito umekaa katikati, na ninayoyasema hapa si yote yanayozihusu.

Sasa niwaeleze siku ya Osea.

Ilikuwa Agosti, siku mbili kabla ya bamvua kukomaa. Nilikuwa na jedwali la maji la mwaka, kijitabu kidogo kinachouzwa madukani bandarini. Nilijua kwamba majedwali mengi ya Uingereza yanaandikwa kwa saa za Greenwich na wakati wa kiangazi unaongeza saa moja. Nikaongeza. Sikusoma maandishi madogo chini ya ukurasa yaliyosema kijitabu kile kimeshaongeza. Zaidi ya hapo daftari langu la safari naandika kwa saa zetu, kwa hiyo akilini nilikuwa nageuza mara mbili. Maji yalijaa saa saba na dakika kumi mchana. Mimi nikaandika saa nane na dakika kumi, nikaamini tuna saa nzima ya maji yanayopanda.

Tukakatisha kona karibu na kisiwa cha Osea. Kipima kina kikasoma mita 1.4, 1.2, 1.0. Nikamwambia shemeji, "Usijali, maji bado yanajaa." Saa nane kasoro dakika kumi boti ikasimama taratibu kabisa, kama lifti inayofika ghorofani.

Shemeji akafanya alichofundishwa kwenye boti za mkuku mmoja. "Sote upande huu! Tuilaze!" Boti ya mkuku mmoja ukiilaza ubavu, mkuku unapanda na unajinasua. Tukaning'inia sote upande mmoja na kulivuta tanga. Ya mikuku miwili inafanya kinyume chake: ukiilaza, mkuku wa upande unaoinamia unashuka chini zaidi ya ulipokuwa. Tuliuchimbia wenyewe kwa mikono yetu na dakika kumi zikapotea. Kumbe tungeshusha matanga mara moja isimame wima, tuweke injini kinyumenyume tufuate njia ile ile tuliyoingilia, na mmoja apeleke nanga nyuma kwa kidau, huenda tungetoka. Kwa maji ya bamvua dakika ishirini za mwanzo ndizo zako. Baada ya hapo chemsha chai.

Nikatazama kijiti kilichosimama topeni, nikaona alama ya maji iko juu ya maji. Ndipo nikaelewa. Shemeji hakusema neno, alitazama saa yake, akanitazama mimi, akaingia ndani kutafuta biskuti.

Lakini hapo ndipo nilipoipenda boti ile. Maji yaliondoka, na ikabaki imesimama. Mbele yetu kama mita 300 kulikuwa na boti nyingine iliyokosea kama sisi, ya mkuku mmoja, na yenyewe ikalala ubavu kabisa. Mume na mke waliketi juu ya ukuta wa chumba chao, maana sakafu ilikuwa imegeuka ukuta. Sisi tulipika wali. Sufuria ilikaa jikoni haikusogea. Tuliinama kidogo kushoto, kwa kuwa mkuku wa kushoto ulikuta mfereji laini ukazama zaidi, nyuzi kumi hivi, ya kutosha kuviringisha kitunguu mezani na si zaidi.

Kosa la pili la siku hiyo ni la shemeji, na ameniruhusu niliandike. Kama saa kumi na moja jioni aliona tope limekauka juu, akasema anashuka kuangalia mikuku. Hatua ya kwanza ilimzamisha hadi gotini, ya pili hadi mapajani. Alipovuta mguu buti likabaki. Tope la mito ya Essex si mchanga wa Nungwi, ambao unatembea maji yakitoka ukiokota chaza. Hili linafyonza. Alianza kuhangaika na kila alivyohangaika alizama. Nikamtupia ubao wa kitanda, nikamwambia, "Lala juu yake, shem, lala kama unaogelea." Alitambaa kwa tumbo, nikamvuta kwa kamba. Ilikuwa hatua mbili tu, na ilituchukua nusu saa. Maji yangekuwa yanarudi, hadithi hii ingeandikwa na mtu mwingine. Msishuke. Mkishikwa, redio iko chaneli 16 na walinzi wa pwani hawamcheki mtu. Sisi tuliwaita kwa sauti ya aibu mapema tu, kuwaambia tuko salama tumekaa chini tunasubiri maji, wakatushukuru kwa kuwajulisha.

Choo hakitumiki boti ikiwa topeni, kwa hiyo ndoo iwepo. Injini usiiwashe mpaka maji yafunike tundu la kuvutia maji ya kupoozea, na ukishaiwasha tazama kama inatema. Yetu ilikuwa imekula tope, tukalazimika kufungua chujio gizani kwa tochi ya mdomoni.

Maji yalirudi usiku. Na hapa nikajifunza kitu ambacho mwenye kuuza hatakuambia. Boti haielei ghafla. Kuna kama robo saa ambapo wimbi linainyanyua na kuibwaga, linainyanyua na kuibwaga. Juu ya tope laini husikii kitu, inazama na kuinuka kama mtu kwenye godoro. Lakini mkuku wa kulia ulikuwa juu ya kipande kigumu, kokoto au magamba ya chaza sijui, na kila ukigonga chini sahani zilitikisika kabatini na mimi nikahisi mgongoni. Saa saba kasoro dakika kumi tukaelea. Jumla tulikaa pale kwa muda wa masaa kumi na moja kamili.

Oktoba kreni ikaitoa boti majini kwa ajili ya baridi. Nilikuwa nimesimama pembeni na kahawa. Boti ilipokuwa inaning'inia kwenye mikanda mikuku ilikuwa imekaribiana. Ilipogusa zege na uzito wa tani tatu kushuka juu yake, mikuku ikatanuka, si sana, kama upana wa kidole, kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Ile rangi nyekundu ikapasuka mstari mzima shingoni, pale mkuku unapounga na tumbo, na maji ya kutu yakaanza kutiririka.

Nikamlipa mkaguzi zile zile pauni 450. Akagonga kwa nyundo yake ndogo, akaingia ndani, akanyanyua ubao wa sakafu ambao sisi hatukuwahi kuunyanyua, akanionyesha faiba ilivyobadilika rangi kuzunguka boliti. Alichoniuliza hakikuhusu safari yetu ya Osea. Aliuliza: "Kabla yenu ilikuwa imefungwa wapi?" Nikampigia mwenyewe wa zamani. Miaka kumi na minane ilikuwa kwenye boya lenye chini ya kokoto ngumu, upande unaopigwa na mawimbi ya mashariki. Maji yanajaa na kupwa zaidi ya mara 700 kwa mwaka. Kila mara, robo saa ile ya kugonga, mkuku unakuwa kama mtaimbo unaojaribu kung'oa tumbo la boti. Fanya hesabu ya miaka kumi na minane.

Mikuku ikashushwa, boliti zikabadilishwa zote, na ndani yakaongezwa mataruma, yaani mbavu, za faiba kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili nguvu zisambae. Pauni 2,850, na nusu ya kazi niliifanya mwenyewe nikiwa nimelala chali kati ya mikuku, vumbi la faiba likiniwasha shingoni hadi Krismasi. Gharama yote ikafika karibu mara mbili ya bei ya kununulia. Shemeji alitaka tuuze. Nilimwambia auziwe nani boti yenye ufa, tukaliacha hilo.

Kwa hiyo mtu akinipigia sasa simuulizi boti ni ya mwaka gani wala injini ina saa ngapi. Namwambia aulize imelala juu ya nini. Tope laini, endelea. Mchanga mgumu sehemu ya wazi, nenda na mkaguzi. Na kama ipo yadini, omba inyanyuliwe mbele yako na uitazame miguu wakati inagusa chini, hata ukilipia kreni mwenyewe. Sisi tulitozwa pauni 240. Ukiona rangi mpya chini na kila mahali pengine ni pazee, kwangua shingoni kwa ukucha mwenye boti akiwa anatazama. Akikasirika umeshapata jibu.

Boya letu pia tuliliacha tukahamia kwenye hori la ndani lenye tope kama uji. Kila maji yakijaa tunaelea kwa muda uliopungua saa moja kuliko zamani, na kuna siku za maji mafu, yale madogo, hatuelei kabisa, inabidi kusubiri bamvua linalofuata. Mara mbili tumekosa wikiendi nzuri kwa sababu hiyo. Mke wangu anasema tumenunua nyumba ya tope. Usafi wa chini sasa tunaufanya wenyewe kwa kuikalisha kwenye zege la kijiji maji yakitoka, tukiwa tumeomba ruhusa, maana si kila bandari inakubali ukwangue rangi pale. Kreni ya katikati ya msimu hatulipi. Ila nyayo za mikuku zenyewe huzifikii, boti imezikalia, na huko vigamba vinaota vinavyotaka.

Mwezi uliopita nilimpigia ami kwa video nikiwa hapo chini na brashi. Nikageuza simu aione boti imesimama. Akaitazama kimya, akaniambia niisogeze simu karibu, zaidi, pale juu ya mkuku. Macho yake si mazuri siku hizi. "Hapo," akasema, "hapo mmeunga na nini?" Nikaanza kumweleza habari ya boliti na mataruma, akanikatiza: "Na kokoto zile mlizokaa, mlizipima lini?" Nikamwambia hatukuzipima. Akacheka mpaka akakohoa, akamwita shangazi aje aone boti isiyotaka gadi.